Ng'ombe Mmoja Aliyehesabiwa Mara Thelathini na Nane

Mtoto akikuletea mchezo aliouunda kwenye kompyuta na kukuambia umekamilika, usimpigie makofi kwanza. Muulize maswali mawili tu. Nikishinda nitajuaje? Nikishindwa nitajuaje? Ukimwona anajikuna kichwa, ujue mchezo bado. Paka anakimbia, panya anakimbia, mtu anabonyeza vitufe mpaka vidole vinauma, na hakuna anayejua wanakwenda wapi. Hizo ni mbio za wendawazimu.

Nawaandikia ninyi vijana mliopokea mifuko yangu ya kompyuta. Mimi nimestaafu. Najua mnacheka, maana sijafika hata hamsini, na kwetu Mbeya mtu wa umri wangu akisema amestaafu watu wanamuuliza amefukuzwa kazi gani. Lakini magoti ndiyo yaliyostaafu, nami nikayafuata. Miaka kumi na mmoja nimepanda na kushuka kati ya Mbeya na Iringa nikiwa na kompyuta sita mgongoni, nikifundisha watoto kuunda michezo kwa vipande vile vya rangi vinavyounganishwa kimoja juu ya kingine kama matofali. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kompyuta nilijifunzia ukubwani, nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo msitegemee niwaambie mambo ya chuo. Nitawaambia yale niliyoyaona, na moja lililonitoa jasho kuliko yote.

Aliyenifundisha mimi ni Fundi Chengula wa Mlandege, pale Iringa mjini. Alikuwa fundi wa redio, akahamia kwenye kompyuta redio zilipokosa wateja. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, jiko moja la mkaa la kujiotea na baridi, na viti viwili ambavyo kimoja hakikaliki. Siku nilipomaliza mchezo wangu wa kwanza, wa ndege anayekwepa mawe, nilimwita aje aone. Akaja, akasimama, hakugusa kitu. Akatoa kichwa dirishani akamwita mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi.

"Mama Tuli, njoo ucheze hapa."

"Mimi? Mikono ina unga."

"Ndiyo nzuri. Njoo na unga wako."

Nikaanza kumweleza yule mama: bonyeza huu mshale wa juu, halafu ukiona jiwe… Fundi akaniwekea kidole mdomoni, kabisa, kama mtoto. "Nyamaza. Ukimweleza, unacheza wewe kwa mikono yake."

Mama Tuli alibonyeza kila kitu isipokuwa mshale. Ndege akatoka nje ya skrini asirudi tena. Mchezo haukusema chochote. Yule mama akangoja, akaniangalia, akauliza, "Sasa nimefanyaje?" Akarudi kwenye maandazi yake, akaniachia unga kwenye kibodi.

"Umeona?" Fundi akasema. "Wewe mkono wako umeshajua njia. Mchezo hujaribiwa na mgeni, tena mgeni asiyeambiwa kitu." Shikeni hilo. Mimi nililishika miaka mingi, nikaliacha siku moja tu, na siku hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Lakini kwanza mambo madogo, maana ndiyo mtakayokutana nayo kila wiki.

Kisanduku cha alama, kile kinachotunza hesabu, kirudishwe sifuri mchezo unapoanza. Linaonekana jambo la kijinga. Kule Makongolosi, kwa wachimba dhahabu, watoto waliunda mchezo wa kuokota mawe yenye dhahabu. Wa kwanza akacheza akapata alama arobaini. Wa pili akaketi, akabonyeza bendera ya kijani ya kuanzia, akaanza na arobaini za mwenzake. Dakika mbili akatangaza ana sitini. Zikapigwa ngumi, viti vikaanguka. Nilipowatenganisha, binti mmoja mdogo aliyekuwa ameketi pembeni akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Shimo jipya, hesabu mpya. Hata baba anajua." Tangu siku hiyo kila darasa nililofundisha, kipande cha kwanza kabisa chini ya bendera nilikiita shimo jipya.

La pili: msiandike "kama alama ni sawa na kumi, sema umeshinda." Andikeni "kama alama zimezidi tisa." Igowole kule Mufindi tulikuwa na mchezo wa kuvuna viazi, kila kiazi alama tatu. Tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Kumi haikupita pale hata siku moja. Mvulana mmoja alivuna viazi mpaka ugali wa mchana ukapoa, ana alama mia tatu na kitu, anangoja kuambiwa ameshinda. Nami nilikuwa nyuma yake namsifu kwa bidii.

La tatu: ujumbe kwanza, kusimamisha mchezo baadaye. Ukisimamisha kila kitu kisha ndiyo useme "hongera," hakuna aliyebaki wa kuisema.

Na la nne, ambalo si la kompyuta: angalia wanachoandika kwenye ujumbe wa kushindwa. Hao hao wa Igowole waliandika, "Umeshindwa mjinga wewe, rudi kwenu." Walidhani watachezeana wenyewe. Akaja mwalimu mkuu kukagua, akaketi, akavuna viazi viwili akagongwa na nguruwe pori, akaambiwa arudi kwao. Kwao ni mbali, na alikuwa ameomba uhamisho mara tatu. Akasoma mara mbili, akavua miwani, akasema polepole, "Kumbe na ninyi mnataka niondoke." Watoto wakaingia chini ya meza.

Nikajifunza kuwaambia: ujumbe useme kilichotokea, usimtaje mtu alivyo. "Viazi viwili vimevunwa, nguruwe amekugonga. Jaribu tena." Hapo hata mwalimu mkuu anaweza kuupokea.

Sasa basi, Usangu.

Zamani nilipokuwa mdogo, tukipita njia ya Iringa, ile mbuga ilionekana kama haina mwisho, na mimi nilijiahidi kwamba nitaishi pale siku moja. Sikuishi, sikai mahali mimi. Tangu niache kazi nimehama nyumba mara tatu, na bado mabegi mengine sijayafungua. Ila nilikaa Usangu muhula mzima, na hilo kwangu ni kama miaka.

Kijiji sitakitaja. Ni cha mpunga na ng'ombe, kama vingi vya kule. Wasangu na Wahehe na wengine wanalima mpunga kwenye majaruba. Wasukuma waliokuja na mifugo kutoka kaskazini wanakaa pembeni kidogo, kwenye nyasi. Wanauziana maziwa na mchele, wanazikana, wanataniana. Kisha ng'ombe akiingia kwenye mpunga, utani unakwisha hapo hapo.

Shule ya pale haikuwa na umeme. Chumba pekee chenye sola kilikuwa ghala la kikundi cha akina mama wakulima. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Ezekia, mama mrefu, mkali, anayesalimia "kamwene" kama anayeamrisha. Alinipa ghala kwa muhula mmoja, kwa masharti: mavuno yakikaribia, wazazi wote watakuja kuona watoto wamefanya nini, na hapo hapo wataamua. Ama darasa liendelee na mpunga utafutiwe mahali pengine, ama mpunga urudi ghalani na mimi na kompyuta zangu tuondoke. Hakukuwa na chumba kingine. Tukiondoka, darasa limekufa.

Aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote alikuwa Kabula, binti wa Mzee Masanja, mfugaji. Darasa la sita. Alitembea saa nzima na nusu kuja, na alifika kabla yangu. Wengine walipenda kompyuta kwa sababu ya picha. Kabula alipenda ule wakati kitu kinapokataa. Alikuwa akiinamia skrini na kunong'ona, "Unakataa nini? Sema unakataa nini." Mchezo ukikubali hakushangilia, alipumua tu, kama mtu aliyetua ndoo. Alishaniambia, bila kulalamika, "Madam, mkiondoka mimi nitarudi kuchunga tu baada ya shule. Kwingine sina."

Alifanya kazi na Ezekia, mtoto wa yule mama mwenyekiti. Sikuwapanga mimi. Walijipanga kwa sababu ndio pekee waliokuwa wanabishana bila kulia.

Wakaamua mchezo wao uwe wa kuchunga. Skrini ina mto upande mmoja, majaruba katikati, ng'ombe kumi upande wa pili. Mchezaji ni mchungaji, anasogea kwa mishale ya kibodi na kuwaswaga ng'ombe mpaka mtoni wanywe. Nilijaribu kuwazuia. "Tengenezeni wa maembe," nikasema. "Maembe hayana kesi."

"Maembe tumechoka nayo, Madam," Ezekia akajibu. "Kila darasa maembe."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Msimu uliopita ng'ombe wa Mzee Masanja waliingia kwenye jaruba la Mama Ezekia. Pale kijijini wana utaratibu wao. Mwenye shamba na mwenye ng'ombe wanatembea pamoja juu ya matuta, wanahesabu mahali palipoliwa, na kila palipohesabiwa wanachomeka kijiti, ili mtu asirudi kupahesabu tena. Siku ile Mzee Masanja aliitwa amechelewa. Alipofika, wenzake walikuwa wamemaliza kuhesabu bila yeye. Alilipa, lakini tangu hapo alisema kila mahali kwamba ng'ombe wake mmoja aligeuzwa kundi. Mama Ezekia naye alisema kila mahali kwamba Mzee Masanja haoni ng'ombe wake mpaka aonyeshwe. Na sasa watoto wao wanaunda mchezo wa jambo hilo hilo, kwenye ghala ambalo ufunguo wake anao mmoja wao.

Bishano lao la kwanza lilikuwa ujumbe. Ezekia aliandika, "Umeshindwa, mfugaji mzembe."

"Kwa nini mfugaji ndiye anashindwa tu?" Kabula akauliza. "Na huyu aliyelima kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda kwenye maji, yeye hashindwi?"

"Njia ya maji ilikuwepo lini? Babu yangu kalima pale."

"Ng'ombe hawamjui babu yako."

Darasa zima likacheka, hata Ezekia. Nikatumia sheria yangu ya Igowole: sema kilichotokea. Wakakaa siku mbili, wakatoka na jambo zuri kuliko nilivyotegemea. Kisanduku kimoja kinahesabu ng'ombe waliokunywa. Kingine kinahesabu walioingia kwenye mpunga. Wakinywa wote kumi kabla wa tatu hajaingia mpungani, mchezo unasema, "Ng'ombe wamekunywa, mpunga umepona. Hongera." Wakifika watatu mpungani, ng'ombe analia, kisha mchezo unataja idadi yenyewe kutoka kwenye kisanduku: "Ng'ombe" fulani "wameingia kwenye mpunga. Jaribu tena." Mlio wa ng'ombe aliuongeza Ezekia. Aliurekodi kwa simu kutoka zizi la kina Kabula, na ng'ombe alikubali kulia mara ya nne.

Niliucheza mimi. Nikashinda. Nikaingiza ng'ombe watatu kwa makusudi, nikiwapitisha upesi upesi juu ya mpunga. Mchezo ukasema watatu. Safi.

Na mgeni? Sikumwita mgeni. Nilijiambia muda hautoshi. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu akiuona mapema, maneno yatasambaa na siku ya wazazi haitafika. Kwa hiyo mchezo ule uliguswa na mikono mitatu tu inayojua njia.

Siku ya wazazi ghala lilijaa. Akina mama wa mpunga upande wa mlango, wafugaji upande wa ukuta wa nyuma, katikati nafasi ya kupitisha mkokoteni. Watoto wengine wakaonyesha michezo yao, watu wakapiga makofi ya heshima. Kisha mwenyekiti wa kijiji akauliza nani angependa kujaribu wa Kabula na Ezekia. Mzee Masanja akainuka bila kuitwa. Akaweka fimbo yake chini ya meza, akaketi, akanyoosha kidole kimoja.

"Kuchunga," akasema. "Hii sihitaji kufundishwa."

Alikuwa na kidole kizito. Akabonyeza mshale, akaangalia kidole, akaangalia skrini, akabonyeza tena. Ng'ombe wa kwanza akakanyaga kona ya jaruba, akasimama pale pale, maana mchungaji wake alikuwa akitafuta mshale wa kushoto.

Ng'ombe akalia. Moooo. Kisha maandishi yakatokea makubwa, na Ezekia, kama tulivyokuwa tumezoea, akayasoma kwa sauti kabla hajayaangalia:

"Ng'ombe thelathini na nane wameingia kwenye mpunga. Jaribu tena."

Watu themanini wakanyoosha shingo kuiangalia skrini.

Mzee Masanja hakupandisha sauti. Akahesabu kwenye skrini kwa kidole, mmoja mmoja. "Hapa kuna ng'ombe kumi. Aliyeingia ni mmoja. Hizi ng'ombe ishirini na nane zaidi mmezitoa wapi?" Akageuka nyuma, akawaangalia wenzake waliokaa ukutani. "Mnaona sasa? Hata mashine wameifundisha."

Ukuta wa nyuma ukaanza kunguruma. Upande wa mlango mama mmoja akasema, "Kaanza huyo." Mwenyekiti wa kijiji akainua mikono miwili. Nilishajua kosa ni nini. Kompyuta haiulizi "ameingia?" mara moja. Inauliza mara nyingi sana kwa sekunde moja, na kila ikiuliza ng'ombe bado yuko pale, inaongeza mmoja. Nilipowapitisha mimi haraka, iliwahi kuuliza mara moja tu. Kwa mzee, ilifika tatu kabla hajapepesa jicho, na wakati ule mlio wa ng'ombe unalia, hesabu haikungoja mlio. Iliendelea mpaka thelathini na nane. Lakini ungemweleza nani hayo wakati ule? Kila nilichofikiria kusema kilikuwa kinafanana na kisingizio cha mtu aliyehesabu vibaya.

Kabula alikuwa amesimama kando ya baba yake, ameshika ukingo wa meza. Alikuwa ameshaanza kuniangalia kama mtu anayeaga.

Ndipo Mama Ezekia akainuka. Nikasema moyoni, basi, kwisha.

Akapita ile nafasi ya katikati, taratibu, akafika mezani, akainama akaangalia skrini. Kisha akawageukia watoto.

"Nyie," akasema. "Vijiti viko wapi?"

Ezekia akababaika. "Vijiti gani, mama?"

"Unahesabu shamba bila vijiti? Palipohesabiwa si tunachomeka kijiti? Usipochomeka, utapahesabu mpaka jua lizame. Mtu atakuwa na haki ya kukasirika." Hakumwangalia Mzee Masanja aliposema hayo. Lakini aliyasema, mbele ya watu wote.

Mzee Masanja akaguna. "Angalau umesema."

Kabula akaachia meza. Akaanza kunong'ona, nikajua yuko wapi. "Kijiti. Kama ana kijiti, usihesabu." Akanigeukia. "Madam, kijiti ni kisanduku! Kikiwa sifuri hesabu, halafu kiwe moja. Kikiwa moja, nyamaza."

"Na akitoka kwenye mpunga kirudi sifuri," nikasema.

"Akirudi kuingia ni kosa jipya," Mama Ezekia akaidhinisha.

Kabula akaketi kwenye kona ya kiti cha baba yake, mzee akasogea kumpisha, akaanza kuunganisha vipande. Akaunda kisanduku, akakipa jina kijiti. Watu wakaanza kusogea kuona. Ezekia akamshika mkono. "Ngoja. Ukiweka kimoja cha wote, wa kwanza akiingia anawafungia wenzake. Watapita kumi utahesabu mmoja."

"Hiyo mimi sina ubaya nayo," Mzee Masanja akasema, na kwa mara ya kwanza mtu akacheka upande wa mlango.

"Kila ng'ombe awe na chake," Ezekia akaendelea. Kabula akachagua pale panapoandikwa kwamba kisanduku ni cha mhusika huyo peke yake, yaani ng'ombe huyo mmoja. Vijana, shikeni hili kwa mikono miwili, maana walinipita mimi hapo. Mimi ningeweka kimoja cha wote, tungeaibika mara ya pili.

"Ng'ombe abebe kijiti chake mwenyewe," mzee akasema akitikisa kichwa. "Za kwangu zingekuwa hivyo ningelala."

Haikuzidi dakika kumi. Zilikuwa ndefu kuliko safari yoyote niliyowahi kusafiri. Kabula akainuka. "Baba, jaribu."

Nilitaka kusema, ngoja nijaribu mimi kwanza. Nikakikumbuka kidole cha Fundi Chengula mdomoni mwangu, nikanyamaza.

Mzee Masanja akachunga. Ng'ombe wa kwanza akakanyaga kona ile ile, akasimama pale pale. Kisanduku kikasema moja. Mzee akaacha kubonyeza kabisa, akaondoa kidole, akamngoja ng'ombe asimame pale. Sote tukangoja naye. Moja. Ikabaki moja. Akamwangalia Mama Ezekia, Mama Ezekia akaangalia dari.

Akaendelea. Sita wakanywa. Mmoja akazubaa akaingia wa pili, kisha mwingine akakata kona. Moooo. Ezekia safari hii alisoma kwanza kimya, ndipo akasema kwa sauti: "Ng'ombe watatu wameingia kwenye mpunga. Jaribu tena."

Mzee Masanja akakunja vidole, kimoja kimoja. "Yule wa kwanza. Huyu aliyezubaa. Na huyu wa mwisho mwenye haraka." Akavihesabu tena. "Watatu. Hapo nimeshindwa kweli."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Lakini lile ghala lilipasuka, akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba ameshinda, wafugaji wakamzomea, "Mzee, na wewe! Na fimbo umekuja nayo!" Nikakaa juu ya gunia. Nimefundisha miaka kumi na mmoja watoto kuandika hongera, na furaha kubwa niliyowahi kuiona ilikuwa ya mtu aliyekubali ameshindwa, kwa sababu alishindwa kwa hesabu aliyoiona kwa macho yake.

Mama Ezekia akamgonga begani. "Ondoka hapo nikuonyeshe."

Akaketi, akafunga khanga vizuri. Ndani ya nusu dakika ameingiza ng'ombe watatu kwa mkupuo, katikati kabisa ya jaruba, pale penye mpunga mzuri.

"Mama!" Mzee Masanja akalia. "Mpunga wako mwenyewe!"

"Ng'ombe zako hazisikii."

"Unaziswaga kama kuku!"

Sitawadanganya kwamba ile kesi ya msimu uliopita ilikwisha siku ile. Haikwisha, na sidhani kama mchezo wa watoto una kazi hiyo. Waliendelea kuwa na yao. Lakini mwenyekiti wa kijiji alipopiga meza na kusema tuje kwenye lile lililotuleta, ghala libaki darasa au lirudi kuwa ghala, ilimbidi aseme mara tatu, kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni nyuma ya kiti, wakulima na wafugaji wamechanganyika, kila mmoja anamweleza aliye mbele yake jinsi ya kukata ile kona.

"Wanaotaka mpunga urudi humu wanyooshe mikono," akasema.

Mkono ulionyooka ulikuwa wa bibi mmoja, naye alikuwa anaomba zamu yake.

Mama Ezekia hakugeuka hata kidogo. Macho yako kwenye skrini, ameanza mchezo upya, na ng'ombe wake wa tatu anaelekea kubaya. Kwa mkono wa kushoto akafungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo wa ghala, akamnyooshea Kabula.

"Kesho wewe ndiye unafika wa kwanza," akamwambia. "Fungua mapema, mwanangu. Baba yako akija kabla yangu, usimpe kiti."

Kabula akaupokea kwa mikono miwili. Alipumua tu.